Pikipiki Iliyolazwa Kwenye Majivu

Kuna watu wanaorudi kutoka ukimbizini na kukuta shamba limekuwa pori. Mimi nilikuta pikipiki yangu imefukiwa kwenye majivu kama muhogo wa kuchoma, na dada yangu amesimama kando yake akingoja kushukuriwa.

Nilimshukuru. Tulipokimbia vita mara ya mwisho, mimi na mke wangu na watoto tulipanda lori la kwenda mpakani, lakini dada alikataa kupanda. Dada ni mkubwa wangu kwa miaka tisa na hajawahi kuniruhusu nisahau hata mmoja. Alisema alishakimbilia Uganda akiwa mtoto, akakimbia tena akiwa mke wa mtu, na safari hii miguu imegoma. Akabaki mtaani kwetu Mangateen kulinda kiwanja. Mimi, huku lori likipiga honi, nikamwachia ufunguo wa tukul, ile nyumba yetu ya duara ya udongo na nyasi, ambamo pikipiki ilikuwa imesimama. Nikamwambia, "Dada, itunze," kama mtu anayeacha kuku wawili kwa jirani.

Ilikuwa pikipiki ya Kijapani, nyekundu, imara, ya zile ambazo zamani mapadri na mabwana shamba walikuwa wakizipenda. Ilikuwa imezeeka hata kabla sijainunua. Niliitumia kuzungukia shule za vijijini nilipokuwa mkaguzi, na naweza kusema bila haya kwamba nilijiona mtu nikiwa juu yake.

Miaka sita baadaye nilirudi. Mbuzi hawakuwepo. Mabati ya jikoni hayakuwepo, na mlango wa choo vilevile, ingawa sijui mwizi wa mlango wa choo huwa anauza kwa nani. Pikipiki ilikuwepo. Dada alikuwa ameitunza kama watu wetu wanavyotunza mtama wa mbegu na nguzo za nyumba, yaani kwa majivu, ili wadudu wasiguse. Alikuwa ameyajaza kwenye injini, kwenye magurudumu, chini ya kiti, na kila msimu aliongeza mengine mapya.

"Mchwa ata moja hakugusa," aliniambia, akiipigapiga tangi kama ng'ombe wake.

Sikumwambia kwamba mchwa hawali chuma. Siku hizo nilikuwa bado na akili.

Kila mgeni aliyekuja kutusalimia alipelekwa kwanza kuiona pikipiki, chai baadaye. Wageni wa maana kuliko wote walikuwa akina mama wenzake wa kanisani. Hao ndio waliomwambia miaka yote kwamba anapoteza maisha kulinda chuma cha mtu aliyeondoka. Sasa dada alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa na magurudumu mawili. Akawatangazia kwamba Jumapili ya mavuno, watu wakipeleka matoleo yao kanisani, yeye atafika akiwa amekaa nyuma ya pikipiki hiyo hiyo. Aliwatangazia bila kuniuliza. Nilizisikia habari hizo kwa mke wangu, aliyezisikia kisimani.

Ilibaki miezi mitatu. Nikasema hakuna shida. Mtu anayesema hakuna shida ni mtu ambaye bado hajashika spana.

Jumamosi ya kwanza niliosha majivu, nikapanga vifaa kwenye gunia, nikaanza na kava la klachi. Mimi ni mwalimu. Naamini kwamba kitu kisichosikia kwa sauti ya kawaida kitasikia kwa sauti kubwa, na nguvu zangu nazitumia hivyo hivyo. Dada alileta kigoda chake akakaa mkabala nami, sinia la karanga mapajani, akichambua.

"Iko nafungua ama iko nafunga?" aliuliza baada ya muda.

"Nafungua."

"Basi bolti haijui."

Nikaongeza bomba kwenye spana ili nipate nguvu zaidi. Nikavuta. Kikasikika kimlio kidogo, tak, na kichwa cha bolti kikaangukia kwenye sinia la karanga. Mwili wake ulibaki ndani ya injini, umetulia zake. Dada akakiokota kichwa, akakigeuza geuza, akasema, "Kwes. Ingine hivi hivi." Yaani vizuri, endelea. Kufikia jioni nilikuwa nimekata vichwa vitatu, na mke wangu alikuwa ameshawahamishia watoto kwa jirani ili wasijifunze maneno mapya.

Ndipo nikamleta fundi wa pikipiki wa mtaa wa Jebel. Huyu alikulia kambini Kenya, akajifunzia ufundi huko, na ana tabia ya kuitazama mashine kwa muda mrefu bila kuigusa, jambo linalomkera sana mtu wa haraka kama mimi. Alichutama. Akakwaruza kwa ukucha ule ukoko mweupe uliozunguka kila bolti. Akaomba maji, akadondoshea, akasugua kwa kidole. Kisha akanivuta pembeni, nyuma ya choo kisicho na mlango.

"Mwalimu, kwani hii pikipiki mlikuwa mnaipika?"

Akanieleza. Majivu makavu hayana neno. Lakini majivu yakipata maji yanatoa yale maji makali ambayo mama zetu huyachuja kulainishia mlenda na kunde. Yale maji hula aluminiamu, na injini yangu ni aluminiamu, na bolti zake ni za chuma. Paa la tukul lilikuwa likivuja kila masika. Kwa hiyo kila mwaka dada aliweka majivu mapya, mvua ikaja ikayapika, na bolti zikazidi kushikana na injini kama ndugu wanaogombea kiwanja.

"Aliyeiweka hivi aliipenda sana," alisema fundi. "Lakini angeiacha uchi tu, ingekuwa afadhali. Angeipaka oili, ingekuwa inawaka leo."

Nilimshika mkono nikamwomba asimwambie dada. Hakubaki na kitu kingine cha kuonyesha kwa miaka ile. Mabati hayakubaki, mifugo haikubaki. Kilichobaki ni hii pikipiki, na heshima aliyokuwa akiipata kwa kuionyesha. Tukakubaliana kwamba ugonjwa wa pikipiki utaitwa kutu ya kawaida, ya uzee. Nilijiona ndugu mwema sana siku hiyo. Nilijionea huruma hata, kwa jinsi nilivyo na busara.

Fundi akanifundisha upya kufungua bolti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwanza, usivute. Dondoshea dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki asubuhi na jioni, kama mtu anayetiwa dawa ya macho, siku tatu au nne. Pili, usivute. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, taratibu, ili kutu ndani ipasuke. Tatu, pasha moto pale inapozama, na kabla haijapoa gusisha mshumaa, nta itayeyuka na kunyonywa hadi ndani kwenye nyuzi za bolti. Na hapo, alisema akinitazama machoni, bado usivute. Kaza kidogo kwanza. Mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka yenyewe ikubali.

"Na ikikataa?"

"Ikikataa, mwalimu, unaenda kunywa chai."

Mishumaa ilitoka kwa dada. Yeye hufagia kanisa kila Ijumaa, na vipande vya mishumaa ya altareni vilikuwa vimejaa kwenye kopo lake. Alivitoa kwa moyo mmoja, akisema kama nta hiyo imesikia sala za miaka yote, bolti ni nini. Nikapasha moto, nikagusisha mshumaa, na kweli nta ikazama mpaka nikaona moshi mwembamba ukitoka upande wa pili. Nikakaza kidogo. Nikalegeza. Bolti ikalia kama mlango wa duka la zamani, ikageuka. Dada akapiga vigelegele vilivyowaleta majirani wawili wakidhani kuna mtoto amezaliwa.

Tangu siku hiyo ikawa kazi ya wawili, ingawa yeye aliiita kazi yake. Mimi nikienda kufundisha, yeye ndiye aliyedondoshea dizeli. Nikirudi ananipa ripoti. Hii ya juu imelala vizuri. Hii ya chini ina kiburi, jina lake nimeiita shemeji. Aliapa kwamba zile alizozisemesha mchana zilifunguka kirahisi kuliko zile nilizozisimamia mimi, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Nilipochubuka vidole alinipaka mafuta ya shea akasema, "Pole, mkaguzi," kwa sauti ya mtu anayefurahi.

Bolti mpya nilizitafuta kwa Msomali mmoja mwenye duka la vipuri, mtu wa Nairobi kwa lafudhi yake. Nilimwekea zile za zamani juu ya meza. Akazitazama kama mtu aliyeonyeshwa meno ya babu yake. "Mwalimu, hizi ulizichimba ama uliziokota?" Lakini alikuwa nazo, kwenye kopo la maziwa, zote isipokuwa mbili. Mbili hizo alizikata mwenyewe kwa msumeno zikafikia urefu.

Kwa hiyo wiki ya mwisho ilipofika, tulikuwa tumebakiza bolti moja tu. Moja. Ilikuwa kwenye kichwa cha silinda, pembeni, pale ambapo mkono hauingii vizuri. Tulishaitia dawa siku kumi. Fundi alisema nisiiguse mpaka Ijumaa aje na mitambo yake. Hiyo ilikuwa Jumanne. Nikapiga hesabu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nikaona akina mama wamesimama mlangoni mwa kanisa, na dada anakuja kwa miguu, na wao wanatazamana. Sikuweza kustahimili picha hiyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikachukua spana, nikachukua na lile bomba.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu na mshumaa wake. "Fundi alisema ngoja," alisema.

"Fundi hana dada," nikamjibu, nikavuta.

Haikulia. Ilikatika tu, ndani kabisa, ikabaki sawa na uso wa injini, laini, bila hata mahali pa kushika kwa koleo. Nikarusha spana. Iligonga beseni la maji, beseni likapinduka, na mimi, mtu wa busara, mtunza siri, nikageuka nikapiga kelele:

"Ni majivu yako haya! Umeipika pikipiki yangu miaka sita!"

Mke wangu alitoka jikoni akasimama. Dada aliitazama injini. Kisha akauliza polepole, "Ni jivu?"

"Ndivyo alivyosema fundi. Jivu na mvua."

"Haya," alisema. Akauweka mshumaa juu ya kiti cha pikipiki, akachukua fagio, akaanza kufagia uwanja ambao alikuwa ameufagia asubuhi.

Nilimwomba radhi kabla ya chakula. "Malesh," alinijibu, yaani si kitu, na akanipakulia nyama nyingi kuliko kawaida, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya. Jumatano alileta kigoda chake akakaa mbali. Alhamisi hakukileta kabisa. Niliisafisha kabureta peke yangu bila mtu wa kuniambia kwamba nimeishika vibaya, na nikagundua kwamba nimeshindwa kufanya kazi bila kusimangwa. Niliogopa. Niliwaza kwamba Jumapili huenda asitake hata kupanda.

Ijumaa fundi alikuja na mashine ya kuchomelea na jenereta. Alipoona kilichotokea hakunilaumu, alitikisa kichwa tu akasema, "Wewe ungekuwa mwanafunzi wangu ningekutafutia shule nyingine." Akachomelea tone la chuma juu ya kile kipande kilichobaki ndani, tone juu ya tone, mpaka kikachungulia nje. Juu yake akachomelea nati. Akangoja wekundu uishe. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama mtu anayejua atapewa, na dada, ambaye sikujua alifika saa ngapi, akamwekea mshumaa kiganjani. Nta ikazama. Fundi akakaza unywele mmoja, akalegeza unywele mmoja. Alifanya hivyo kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeshavunja bolti nyingine nne. Ikatoka nzima.

Jumamosi tulifunga gasketi na bolti mpya, zote nikiwa nimezipaka grisi mpaka zikateleza mkononi. Ndani ya silinda kulikuwa safi, kwa sababu dada alikuwa ameziba bomba la moshi na mdomo wa kabureta kwa vitambaa. Fundi alilisema hilo kwa sauti, mara mbili, na nikamshukuru moyoni. Nilipiga kiki mpaka paja likafa ganzi. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe uliofunika nyumba ya jirani, ikawaka.

Jumapili dada alivaa lawa yake mpya, ile shuka ya kufunga begani, ya rangi ya chungwa. Akapanda kwa upande, akanishika kiunoni. Njia nzima niliendesha kama nimebeba mayai. Tulipotokea kanisani akina mama walipiga vigelegele, wengine wakatupa mikono juu, na dada akashuka taratibu kama askofu aliyekuja kubariki jengo. Nikaona tabasamu. Nikapumua.

Baada ya ibada walituzunguka. Nikaona hapa ndipo pa kulipia ile Jumanne. Nikapaza sauti ya darasani: "Mimi nimefungua bolti tu. Aliyeiokoa ni dada yangu. Aliilaza kwenye majivu miaka sita, na leo mmeiona!"

Vigelegele tena. Kati ya wale wanawake kulikuwa na fundi cherehani mmoja, aliyekuwa akingoja jahazi la mizigo pale bandari ya mtoni liondoke kwenda kaskazini. Alikuwa anakwenda kumuuguza binti yake, hakujua atarudi lini, na cherehani yake alikuwa anaiacha. Alimshika dada mkono. "Basi mimi pia nafanya hivyo," alisema. "Cherehani yangu naweka kwa jivu, naziba, naenda na roho safi."

Wenzake wakaitikia kwamba ni wazo zuri. Nikamtazama dada. Hakutakiwa kufanya lolote isipokuwa kunyamaza na kuendelea kutabasamu. Mimi ningemuunga mkono, Mungu anisamehe. Cherehani ile ningeiacha ife.

"Hapana," alisema dada. "Usiweke jivu. Jivu inakula chuma. Bolti ilikatika mingi, uliza huyu. Paka oili."

Mwenye cherehani akamtazama, akatazama pikipiki. "Sasa wewe kwa nini uliweka jivu?"

"Oili mimi najua," alisema dada. "Baba yetu alikuwa napaka baiskeli yake kila wiki, mimi nashika chupa. Lakini wakati ile mafuta ilibaki chupa moja, ya kupika. Na kwa nyumba kulikuwa watoto ya jirani, saba. Mama yao alienda kutafuta chakula, hakurudi. Mafuta watoto walikula. Jivu ndio ilikuwa mingi. Nyumba mingi hapa iliungua."

Alilisema bila uchungu, kama anayemweleza mtu mahali duka lilipo. Mwanamke mmoja alimwekea mkono mgongoni. Mimi nilikuwa nimeshika usukani na sikujua pa kutazama. Nilikuwa nimemfichia ujinga ambao hakuwa nao. Miezi mitatu nzima tulikaa tukitazamana juu ya ile injini, tukacheka, tukataniana, na yote niliyomuuliza kuhusu miaka sita yalikuwa ni paa lilivujia wapi. Niliona aibu kubwa, na ninaiona hata sasa ninapoandika.

Akapanda tena nyuma yangu. Nikawasha, ikawaka kwa kiki ya kwanza, jambo ambalo siku nyingine lingenifanya niimbe. Tulipofika barabarani nikageuza kichwa nikauliza, "Dada, wale watoto wako wapi sasa?"

Alijibu kitu, lakini injini ilikuwa ikipiga kelele sana, sikumsikia. Nikaizima. Tukashuka, tukaisukuma kwa mkono mpaka nyumbani, yeye upande wake na mimi upande wangu, akinitajia mmoja mmoja.